Nilivyopanga Watu Kwenye Pembea la Matrah

Mwezi uliopita wajukuu zangu walinichukua kwenda Mawaleh, hapa Maskati, wakasema bibi njoo uone, pamewekwa mapembea ya Idi. Nikaenda. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nna kikombe cha chai ya maziwa mkononi, naangalia gurudumu kubwa la chuma lenye taa za kila rangi. Kijana anayelisimamia anapakia watu kama anayepakia vitunguu. Anafungua kimlango, anaingiza, anafunga, hamtazami mtu usoni wala mwilini. Upande mmoja kajaza familia nzima ya watu wanene, upande wa pili hamna kitu. Nikainuka nikamuuliza kwa Kiarabu changu cha sokoni, wewe, mbona huwapangi? Akanyoosha kidole kwenye mashine, kama kusema yenyewe inajua. Wajukuu waliona haya, wakanivuta kitini. Lakini sikuweza kukaa tena. Nilisimama mpaka tukaondoka, na tangu usiku ule nalala robo, naamka robo.

Basi nakueleza wewe, labda nitatulia.

Mie sikusoma. Nalisema mapema usije ukanitafutia maneno makubwa. Kurani nilikhitimu kwa mwalimu wetu wa chuo, kuandika nimejifundisha ukubwani kwa ajili ya kazi. Nna karakana ya milango Darsait, nilianza na msumeno mmoja, na leo ukipita Maskati ukaona mlango mzuri wa mbao, kuna uwezekano umetoka kwangu. Sikupewa na mtu. Lakini kazi hii ilianzia kwenye pembea la baba yangu, na pembea lile lina habari yake.

Tulitoka Unguja mwaka sitini na nne, watu watatu: baba, bibi mzaa baba, na mie niliyekuwa naanza kung'oka meno. Mama alikuwa keshafariki. Tukafikia Matrah, huku Omani, vyumba viwili vya udongo na mawe, ukuta mmoja na jirani yetu, mama wa Kibulushi aliyekuwa na sauti ya kuamsha mtaa na moyo wa kuulisha. Bibi alilalamika maji ya kisima yana chumvi, alilalamika mbuzi wanaingia mpaka jikoni, kisha akawazoea mbuzi akawapa majina.

Baba ndiye hakuzoea. Alikuwa seremala, na Matrah ya siku zile haikuwa na haja ya seremala mwengine. Milango waliyokuwa nayo waliirithi kwa babu zao na ilikuwa bado mizima. Asubuhi baba anakunywa kahawa kwa kusimama. Anatoka, anarudi, anachukua tupa, ananoa patasi ambayo haikuguswa tangu juzi aliponoa. Ikitia nanga meli ya kwenda Bahrain, alikuwa pwani mpaka iondoke. Hakusema anataka kusafiri. Hakuna haja ya kusema, miguu yake ilisema.

Lazima ujue mambo yalivyokuwa kabla ya mwaka wa sabini. Kila kitu kilitaka ruhusa. Usiku ngoma inapigwa, milango ya mji inafungwa, na ukitembea baada ya hapo uwe na fanusi. Na mwanamume aliyepanda meli bila ruhusa kwenda kutafuta kazi nchi za mbele, hakuwa na hakika ya kurudishwa. Wengi walikwenda, wake zao wakabaki wanasikia habari zao kwa watu. Bibi aliniambia siku moja tunachagua mchele, hata hakuinua kichwa: "Nimemzika babu yako, nimemzika mama yako. Huyu sitaki kumuaga." Tangu siku ile na mie nikawa sikai. Nikisikia honi ya meli, popote nilipo, namkimbilia baba kuona kama yupo.

Sasa pembea. Bibi alikuwa akihadithia kwamba yeye akiwa kigori, mafundi wa Kihindi walileta Unguja pembea la kuzunguka, si lile la kamba. Wakilisimamisha sikukuu, wakilibomoa, wakilipakia kwenye mkokoteni kulipeleka shamba, wakilirudisha mjini. Babu, mume wake, alilizunguka siku tatu mikono nyuma, hakupanda hata mara moja. Sikukuu iliyofuata alikuwa nalo la kwake. Baba alikulia chini ya pembea lile. Na mwaka ule wa kwanza wetu Matrah, miezi michache kabla ya Ramadhani, alisimama katikati ya ua akasema, watoto wa hapa wanazungushwa na nini? Bibi akajibu, na kamba. Baba akachukua msumeno.

Mbao alizipata kwa waliokuwa wakivunja mashua kongwe, msaji mtupu, zimekunywa chumvi mpaka zimekuwa kama jiwe. Ntakueleza lilivyokuwa, maana hutoliona tena. Nguzo mbili kubwa zimesimama, na juu yake mti mmoja mnene umelala. Ndio moyo wa pembea. Kwenye moyo ule imepigwa mikono minne kila upande, na kila jozi ya mikono inashika kasha moja nchani kwa pini ya chuma, kasha linaning'inia, hata likipanda na likishuka mtoto anabaki kichwa juu. Pini zinapakwa shahamu ya mbuzi zisilie. Hamna injini. Mahamali wanne, wawili kila upande, wanashika mikono wanasukuma, na likishachanganya wanaliachia, wanaligusa tu. Misumari baba aliikataa. Kila kiungo kilikuwa cha kuchomoa, na kila kipande kina alama ya patasi: chale moja inakwenda na chale moja, msalaba na msalaba. Kwa hiyo mie nimejua kusoma mbao kabla sijajua kusoma karatasi. Pembea zima lilikuwa likishuka na kuwa mzigo wa punda sita.

Miezi ile baba hakwenda pwani. Meli zilikuja zikaondoka, yeye yuko uani, vumbi la mbao nyusini, anapiga mluzi. Bibi alinikonyeza. Tukaelewana bila kusema: pembea likisimama, baba atasimama.

Ruhusa ilikuwa kwa sheikh wa mtaa wetu, mzee mwembamba asiyependa jambo jipya. Alilitazama muda mrefu. Akamwambia baba, mie nimekaa hapo nasikia, kwamba sawa, Idi hii lisimame kwenye uwanja wa nje ya mlango wa mji, lakini mtoto wa mtu akivunjika hata kidole, mbao hizi zitakuwa kuni, na wewe utafute mji mwengine. Baba akasema inshallah. Hakuwa na mji mwengine ila kule zilikokwenda meli.

Asubuhi ya Idi jirani alituletea arsia, wali uliopondwa na nyama mpaka ukawa uji mzito, samli juu. Bibi akaonja akasema, mbona hii bokoboko? Akamaliza sahani. Nikavaa gauni langu jipya la maua, nikatoka na baba. Na huko uwanjani ndiko nilikowaona watoto wa kike wa Kiomani wamevaa sikukuu, kwanza niliwasikia. Mkufu wa riale kubwa za fedha kifuani, pete kila kidole, bangili mpaka viwiko, na miguuni furungu nene kama kamba ya nanga, zina njuga ndani. Mtoto wa miaka saba anatembea kama ng'ombe wa arusi. Mie nna gauni langu na hereni mbili kama punje za mtama. Wakanizunguka. Mmoja akanishika sikio akaligeuza, akawauliza wenziwe, huyu wa Zinjibari wamemwibia njiani au kwao hawana? Wakacheka, na wakicheka vyuma vyao vinacheka. Nikawaambia sisi yetu iko benki. Uongo mtupu, hata benki sikuijua.

Baba akaanza kupakia. Pembea kama lile shurti makasha yanayotazamana yalingane uzito, ama si hivyo zito likifika juu litashuka lenyewe na hakuna hamali wa kulizuia. Baba alijua hivyo kuliko alivyojua jina lake. Alipanga kama walivyopanga Unguja miaka yote, kwa kimo. Wavulana wawili kasha hili, wasichana wawili wa kimo kile kile kasha la mbele yao. Mahamali wakasukuma. Kasha la wasichana lilipanda kwa shida, nikamwona baba kakunja uso. Likafika juu. Likavuka kidogo tu. Kisha likaja chini kama ndoo iliyokatikiwa kamba.

Hamali mmoja alirushwa. Baba aliudaka mkono wa pembea kwa kifua, ukamburura, visigino vyake vikachimba mifereji miwili kwenye changarawe, na pembea likasimama. Watoto walikuwa wazima. Walikuwa wanalia, lakini wazima. Sheikh wa mtaa alikuwa pale pale, na fimbo yake. Hakupiga kelele. Akasema mpaka alasiri lisiwepo.

Baba alikaa juu ya jiwe, kanzu imechanika, anatazama bandari. Kulikuwa na meli. Nikajua tumekwisha. Miguu haitaki kusimama, ikanipeleka kwa wale wasichana wawili waliokuwa wakifutwa machozi. Mmoja kavua furungu, imemuumiza. Nikaiokota nimpe. Mkono wangu ukaenda chini nayo. Nikashika ya pili, nikashika mkufu wake, akanipiga kofi la mkono kwamba naiba. Sikusikia hata kofi. Nikakimbia kwa baba.

"Baba, wale wamevaa mtoto wa tatu."

Akanitazama kama hanijui. Kisha akainuka. Unguja furungu zilikuwa mambo ya nyanya zetu, kina baba walikua wakiona watoto wa sikukuu wamevaa pamba na hereni, na pembea likapangwa kwa macho ya watu wa pamba na hereni. Kosa lile mtu wa Matrah asingelifanya. Yeye angejua mtoto wake ana uzito gani, ndiye anayemfunga furungu asubuhi.

Jirani yetu alikuwapo, na alikuwa keshaelewa. Alivua vyombo vyake vyote vya fedha hapo hapo, akapiga ukelele kwa majirani nao wavue, akavitia kwenye kapu la mtende, akamwambia sheikh kwa sauti yake ile, njoo, wewe si unapenda kuhukumu, njoo uone shahidi. Baba akaweka kapu kasha moja. Kasha la mbele yake akaniweka mie peke yangu, chini, akaachia mikono. Pembea likanipandisha lenyewe, kapu likashuka. Shibri kama nne hivi, kisha baba akanishika. Hiyo ndiyo safari yangu ya kwanza kwenye pembea lile, na kwa miaka mingi ikawa ndiyo ya mwisho.

Sheikh aligonga kapu kwa fimbo. Halafu akasema jambo la haki, na mie nimemsamehe mengi kwa ajili yake: mwanamume hawezi kushika miguu ya mabinti wa watu kupima furungu, basi binti yako ndiye apange, na wewe usisukume mpaka yeye aseme.

Nikawa mpangaji. Miaka sita, Idi kubwa na Idi ndogo. Siku mbili Matrah, siku ya tatu punda wanalipeleka Darsait, na mara moja tulilipakia kwenye mashua mpaka Bustan, kwa kuwa bara huko njia ilikuwa ya mbuzi. Nilikuwa nainua furungu moja tu ya mtoto, natazama shingo, natazama mashavu, nasema: huyu na wale wawili, huyu ashuke apande na nduguye. Wavulana nao walikuwa na majambia na mifuko imejaa tende na halua. Niliwapekua. Watoto wa wakubwa walinikasirikia, niliwapanga vile vile. Yule aliyenigeuza sikio nilimweka na kijana mnene wa mwuza samaki, akalia kwamba ananuka, nikamwambia ama yeye ama vua mkufu. Akakaa naye. Baada ya hapo tukawa marafiki, maana alipenda watu wanaomjibu.

Usidhani nilikuwa na raha. Mpangaji hapandi. Nikipanda nani atazame? Wenzangu wote walikwenda juu wakarudi wakisema wameona bahari upande wa pili wa jabali, mie nimeshika furungu zao. Miguu ilikuwa inawasha. Na zaidi ya hapo nilikuwa naogopa. Kila kasha lililopanda nilihesabu ndani ya roho: nikikosea hili, baba anaondoka. Idi ikipita salama, baba anakaa mpaka nyengine. Kati ya Idi na Idi alirudi kule kule kwenye kahawa ya kusimama na patasi isiyotumika, na ikilia honi nilikimbia. Nilimshika mtu mzima kwa macho yangu miaka sita, na yeye hakujua. Mie nilidhani hajui.

Ukaja mwaka wa sabini, akaingia sultani mpya, mambo yakafunguka. Milango ya mji ikawa haifungwi. Watu wakapewa paspoti. Barabara zikaanza kulimwa, na mahamali wetu wawili wakaenda huko wakapate mshahara wa mwezi. Mie nimekuwa msichana wa ushungi, bibi keshasema Idi hii ndiyo ya mwisho mie kusimama uwanjani.

Siku ya kuamkia Idi ile, alasiri, uwanja hauna watu, tulikuwa tunalijaribu pembea. Kwa kawaida tulijaribu na magunia ya tende. Baba akaniambia, panda. Nikamwambia, na nani mbele yangu? Akasema, mimi. Akanitaka nipange. Nikamtazama baba yangu kama nilivyotazama watoto wa watu wote, kwa mara ya kwanza, na nikaona amekonda. Gunia dogo moja miguuni pangu lilitosha kutusawazisha.

Mahamali wawili wakasukuma. Sasa fahamu: kwenye pembea lile, mtu na aliye mbele yake hawaonani ila wanapolingana, mmoja anapanda mwengine anashuka. Muda wa maneno mawili matatu, basi.

Tulipolingana akasema, "Nimepata paspoti."

Nikaenda juu. Niliiona hiyo bahari ya upande wa pili. Niliona dari yetu na bibi anaanua nguo, mdogo kama kijiti. Bandarini meli mbili. Nikashuka, tukalingana, nikasema, "Ya wapi?" Lakini yeye keshapanda, na mie niko chini kwenye harufu ya shahamu naona miguu ya mahamali.

"Bahrain," alisema tulipolingana tena. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Nikapanda mara ya pili, na huko juu ndiko nilikoelewa kwamba alijua. Miaka yote aliona ninavyokimbia honi ikilia. Alikuwa amekaa kwa ajili ya mbio zile, si kwa ajili ya pembea.

Nikashuka. "Nenda," nikamwambia. "Sasa utaweza kurudi."

Alipanda, na uso wake sikuuona.

Mahamali wakasimamisha, yeye chini, mie juu. Hapo aliye chini hashuki hivi hivi, maana akitoka, wa juu ataporomoka. Baba alingoja aletewe gunia la tende, akaliweka mahali pake, akatoka polepole, kisha akaushika mkono wa pembea mwenyewe akanishusha, taratibu, kama mtu anayetua yai.

Kesho yake nilipanga watu. Mabinti wengi walikuja miguu mitupu. Mama zao walikuwa wameanza kuuza fedha zao kwa uzani, wanunue redio, wanunue dhahabu nyembamba ya kisasa. Nilishika kifundo cha mtoto nikakuta ngozi. Baba aliondoka baada ya Idi, na bibi alimuaga, hakufa kwa kumuaga. Pembea nililibomoa mwenyewe, nikafuata alama, na mlango wangu wa kwanza niliutoa kwenye msaji ule. Mahali pa uwanja leo ni barabara. Nimewauliza vijana wa Matrah kama wanajua furungu ya njuga ina sauti gani, wakatafuta kwenye simu.

Baba alirudi mara mbili. Kaburi lake liko Bahrain. Wako watu wa ukoo wanaosema mpaka leo kwamba mie ndiye niliyempa ruhusa, na wanasema kweli. Bibi hakunilaumu hata siku moja. Na mie sijuti, ingawa bado sikai. Ningemwambia kaa, angekaa, nnajua. Lakini angekuwa gunia lile la tende: uzito uko mahali pake, pembea linakwenda sawa, na ukichungulia ndani ya kasha, baba hamna.